Mstari wa tarehe 14 Aprili

"Usiandike kwenye kaye hiyo!"

Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia. Kitinda mimba wangu akaiweka penseli mezani taratibu, akaniangalia kama mtu aliyegusa kitu cha msiba. Siku hizo alikuwa anasoma habari za 3I/ATLAS, ile kometi, yaani nyota yenye mkia, iliyogunduliwa kwa darubini iliyoko Chile tarehe 1 Julai 2025, mgeni wa tatu kujulikana kuwa ametoka nje ya jua letu na sayari zake. Alisoma pia kwamba watazamaji wa dunia nzima waliombwa kupima mahali ilipo na kutuma vipimo vyao. Ndipo aliponiuliza kama mimi nilishawahi kuona kometi, nami nikaitoa kaye, daftari langu la zamani la shule, kwenye nailoni yake. Aligeuza kurasa mpaka akafika penye nafasi tupu. Simu yake ilikuwa tayari inamwonyesha namba ya kuweka.

"Lakini Mama, jibu liko hapa. Programu inajua kometi ya Halley ilikuwa wapi usiku ule."

Inajua, kweli.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 15, na Kongo yetu bado inaitwa Zaire. Mwalimu wetu wa fizikia ndiye aliyetuongoza kuipima Halley. Tulikuwa wanne tuliokubaliwa kurudi shuleni usiku baada ya bukari, ugali wa jioni, na mimi nilipewa kazi ya kuandika kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Darubini yetu haikuwa na mota ya kuifuatisha na nyota, na Mwalimu aliugeuza upungufu huo kuwa njia ya kupimia. Aliikaza isitikisike, akaiacha, anga yenyewe ikapita mbele yake. Ndani ya kioo cha jicho kulikuwa na uzi mmoja mwembamba, uliolazwa kufuata kaskazini na kusini ya anga. Nyota iliyomo kwenye orodha ikigusa uzi, alisema "Hapo!" nami nikaandika saa, dakika na sekunde. Tunangoja. Kometi ikigusa uzi, "Hapo!" tena. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo tofauti ya nyakati hizo mbili ilitupa umbali kati ya kometi na nyota kwa upande wa mashariki na magharibi. Umbali wa kaskazini na kusini aliukadiria kwa jicho, na kando ya namba hiyo niliandika neno "kadirio", ili mtu asije akaiamini kupita kiasi.

Saa ya mkono tuliirekebisha kwa redio, kwa ile milio sita ya BBC, na wakati wote tuliouandika ulikuwa wa Greenwich, saa mbili nyuma ya Lubumbashi, mji wetu. Tuliandika kwa penseli kwa sababu umande hutawanya wino. Kufuta kulikatazwa: namba ikikosewa inapigwa mstari mmoja, ile ya kwanza ibaki inasomeka, na sahihi inaandikwa pembeni. Kesho yake asubuhi mmoja alisoma kwa sauti, nami nikanakili kwenye kaye ya pili, kisha tukabadilishana, nikasoma mimi naye akafuata kwa kidole. Kaye ya kwanza ilikaa kwenye sanduku la bati la Mwalimu. Ya pili nilirudi nayo nyumbani.

Mwezi mmoja kabla ya usiku wenye ile nafasi tupu, usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi, Giotto, chombo cha nchi za Ulaya, kilipita kama kilomita 600 tu kutoka kwenye kiini cha Halley. Mwalimu alitueleza kwamba shabaha ile iliwezekana kwa sababu watu waliipima kometi kutoka Duniani usiku baada ya usiku, na vyombo viwili vya Wasovieti, Vega 1 na Vega 2, vikatangulia kuonyesha kiini kiko wapi. Uzi wetu ulikuwa mnene mno kwa kazi kama hiyo, naye hakutuficha. Hata hivyo alitaka tutunze vipimo vyetu kama vile kuna mtu anavingoja.

Sasa tarehe 14 Aprili. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Halley iwe karibu kabisa nasi, na bado kila usiku ilihama zaidi ya digrii nne, zaidi ya upana wa miezi minane ya angani iliyopangwa bega kwa bega. Ilikuwa kwenye kundinyota la Centaurus, upande wa Omega Centauri, lile kundi la nyota tunaloliona huku kama doa la chaki. Mvua zilikuwa zimeisha. Mwezi mchanga ulikuwa umeegemea magharibi.

Mwalimu alishika nyota ya kwanza mwenyewe, nikaandika wakati wake. Halafu akainuka.

"Ikala hapa, mama. Leo weye njo utaangalia. Mi nitashika saa."

Nikakaa. Mwanzoni sikuona kitu ila uzi, na weusi, na nyota ndogo ndogo zikielea upande mmoja kama zinazovutwa. Kisha ukingo wa duara ukaanza kupauka. Nilifikiri ni pumzi yangu kwenye kioo, kama inavyokuwa asubuhi za baridi ya Juni, nikasogeza uso nyuma, lakini weupe ule haukuondoka. Ulikuwa unaingia. Haukuwa na mpaka. Huwezi kusema hapa umeanza. Nyota moja ndogo ilikuwa ndani yake, inaonekana vizuri kabisa, kama taa ya mtu nyuma ya pazia, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwamba kitu kilichojaza kioo chote kinapitisha mwanga wa nyota. Nyuma yangu Mwalimu alihesabu sekunde kwa sauti ya chini. Kutoka ukingoni mpaka kwenye uzi ni kama dakika tatu kwa nyota za upande ule wa kusini. Katikati ya weupe pakakusanyika punje, angavu zaidi, ndiyo niliyotakiwa kuingoja. Ikaja. Ikaufikia uzi. Uzi ulionekana mweusi kuliko wakati wowote, umepita katikati ya punje, na punje ikawa nusu huku na nusu kule.

Neno lilikuwa mdomoni. Sikulisema.

"Imepita?" Mwalimu akauliza baadaye.

"Imepita."

"Saa gani?"

Hakunigombeza. Aliilegeza darubini, akairudisha nyuma ili tuanze tena, na papo hapo upepo ukageuza moshi wa kiwanda cha shaba ukaja juu yetu. Tulikaa mpaka karibu usiku wa manane. Hata nyota za Msalaba wa Kusini zilikuwa zimezimika.

Mwenzangu wa mtaa wa Katuba alisema si kitu, tuna kipimo cha jana na kesho tutapata kingine, tutachukua cha katikati tujaze. Mwalimu akajibu kwamba hiyo itakuwa hesabu, na kaye ile ni ya vilivyopimwa. Akachukua penseli yangu, akapiga kistari mahali pa wakati wa kometi, na kando yake akaandika maneno machache ya Kifaransa: imeonekana, haikupimwa.

Sanduku la bati lilikwenda na uporaji wa 1991, pamoja na darubini. Imebaki kaye yangu, na ndani yake kistari kile, nilichokinakili asubuhi ya pili huku mwenzangu akisoma kwa sauti, "imeonekana, haikupimwa," nami nikimfuata.

Haya yote nilimsimulia binti yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akaivuta kaye upande wake, bila penseli.

"Mama, namba ya nyota ya kwanza umeiandika. Na wakati wake umeuandika. Kwa hiyo naweza kukuambia ulitakiwa kusema 'Hapo' sekunde gani."

Sikuwahi kufikiria hivyo, miaka yote hii. Alikokotoa mara mbili, akanisomea dakika na sekunde, nikasikia tena ile sauti ya chini ikihesabu nyuma ya mgongo wangu.

Je, hiyo nayo ni hesabu tu? Nadhani Mwalimu angesema ndiyo. Lakini sekunde ile ilikuwepo, na mimi nilikuwepo ndani yake, jicho kwenye kioo.

Nimeiandika kwenye karatasi nyingine. Kaye imerudi kwenye nailoni yake, na karatasi bado iko mezani.