Nilivyoirudisha mipini ya pembe kwenye nyembe za zamani

Jamani zile nyembe za kukunja za vinyozi wa zamani mkizipata msizitupe. Mimi ami alinipa mbili zilizokuwa kwenye kasha huko Langoni, zote za Sheffield, ule mji wa Uingereza wa visu na nyembe, na moja ina neno England, hiyo yaelekea ni ya kuanzia 1891 manake ndo mwaka Marekani walipoanza kudai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Chuma kilikuwa na kutu kidogo tu. Kazi ilikuwa kwenye mpini, mkavu, umepauka kama goti la mtoto aliyecheza mchangani, na una vishimo vya wadudu, ndio, wapo wadudu wanakula pembe manake pembe na ukucha ni kitu kimoja, keratini.

Kwanza ujue kama ni pembe kweli. Wengine watakwambia uchome na sindano ya moto unuse, mimi sishauri, kuna mipini ya zamani ya seluloidi, aina ya plastiki ya kale, na hiyo inashika moto balaa. Sugua upande wa ndani na msasa, ikinuka nywele iliyoungua basi ni pembe.

Nikapiga mswaki na sabuni kidogo nikakausha hapo hapo, usiloweke, pembe ikinywa maji inavimba na kuachana matabaka. Halafu mafuta. Yanayosifiwa ni ya kwato za ng'ombe, huku sikuyapata, nikapaka yale mepesi ya watoto asubuhi na jioni mpaka ule mpauko ukaisha. Hapa ndo watu wengi wanakosa subira, wanakimbilia msasa pembe ingali kavu halafu inapasuka kwenye tundu la pini. Pini zenyewe sikuzitoa, kuzigonga upya ni shughuli.

Vishimo nikajaza supagluu na unga wa pembe ile ile. Makali nikayafunga solotepu, nikaanza msasa wa maji namba 400, 600, 1000, mwisho 2000, nikifuata nyuzi za pembe, fundi mmoja wa milango ya nakshi alinambia "mwanangu ukizikata nyuzi mikwaruzo utaiona milele", na ni kweli. Ila kama mpini una nakshi za kugandamizwa usiuguse na msasa, zitafutika zote.

Sasa kwenye 600 maji yakawa meusi tii, kumbe ule weusi ilikuwa rangi ya kupakwa tu! Chini yake pembe ya hudhurungi yenye michirizi ya asali, ukiiweka juani mwanga unapita. Ami akasema "mbona umeibambua?" Mimi nimeiacha hivyo hivyo, ndo nzuri zaidi.

Kung'arisha nilitumia dawa ile ile ya masinia ya shaba na kitambaa laini, kisha tone la mafuta. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, paka mafuta na chuma pia, na usiufungie wembe kwenye mfuko wa nailoni.