Mdomoni mwa Lufilyo

Mama yangu amechota maji ya vijito vinavyoingia Mto Lufilyo tangu akiwa binti, huko Busokelo, wilayani Rungwe, lakini hajawahi kuona mto wenyewe unakoishia. Nilipomwambia kwamba naenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliniagiza jambo moja tu: "Ufike mdomoni, uniangalizie."

Niliondoka Mbeya mwishoni mwa Mei, nimevaa sweta na koti. Tukuyu nikavua koti. Tulipoiacha barabara ya Kasumulu pale Kikusya na kushika ya Ipinda, sweta nalo likaingia begini. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa halifiki 500, na mteremko huo wote unaumaliza kwa nusu siku. Kakao ilikuwa imeanikwa mikekani kando ya njia, uchachu wake unaingia madirishani.

Nililala Matema. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mchangani, ziwa limetulia tuli. Mashariki, Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta na kuzama majini bila kuacha hata upenyo wa barabara. Boti yetu ilikuwa ya mbao, ina injini moja nyuma na mlingoti mfupi katikati, tanga limekunjwa. "Mugonile, tata," nikamsalimia mzee nahodha kwa Kinyakyusa. Akaitikia, akanipa jaketi la kujiokolea, na hakung'oa nanga mpaka alipoona abiria wote sita tumefunga kamba zote. Nilimheshimu papo hapo. Hili ni ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika, na kina chake kinakaribia mita 700. Si mahali pa kumwonea haya abiria anayesema jaketi linambana.

Tulianza na upande wa magharibi, kwenye tambarare ya mpunga, kabla upepo haujaamka. Baada ya muda mzee akazima injini na kunyoosha kidole bila kusema kitu. Mbele yetu maji yalikuwa ya rangi mbili. Huku buluu iliyokolea, kule rangi ya chai ya maziwa, na katikati mstari uliopinda, umebeba povu, majani makavu na kipande cha mgomba. Boti ilipouvuka nilichungulia ubavuni: upande mmoja naona kafi lote hadi ncha yake, upande wa pili linapotea kabla halijazama hata shubiri. Udongo ule umetoka kwetu juu, kwenye mashamba ya miteremkoni, umeshuka na mvua za masika. Niliutazama kwa uchungu kidogo, kwa sababu najua shamba la nani halina makingamaji.

"Mkono ndani, mwanangu," mzee akasema taratibu. Midomo ya mito ndiko mamba wanakovizia. Nikaurudisha mkono.

Tukajaribu kuingia mtoni, tukakwama kwenye fungu la mchanga. Kijana aliyekaa omo, mbele ya boti, akachukua upondo, akatusukuma kidogo kidogo mpaka tukapata mkondo. Matete pande zote mbili, ndege mdiria mweusi na mweupe akipapatika mahali pamoja hewani, kisha anajitupa majini kama jiwe. Hapo mzee ndipo alipozungumza kwa kirefu. Alisema mbasa, samaki mkubwa wa ziwa hili, hazai ziwani. Mvua zikianza hutafuta mdomo wa mto na kupanda dhidi ya mkondo mpaka kwenye kokoto safi, huko ndiko anakotaga. Mtu akitandaza nyavu kutoka ukingo hadi ukingo wakati huo, amekamata mama na watoto ambao bado hawajazaliwa. "Mimi zamani nilikuwa natandaza," akaongeza, "sasa naacha njia." Tulipokuwa tunatoka niliona maboya ya nyavu yamejipanga karibu na mstari ule wa rangi mbili. Mengine yalikuwa yameacha njia, mengine hayakuacha. Nadhani hakuna sheria ya uvuvi iliyo rahisi kueleweka kuliko hiyo ya kuacha njia, na nitaisema kila nitakapopata nafasi.

Kutoka hapo tuliambaa mpaka Ikombe, upande wa milimani, kijiji cha Wakisi wafinyanzi. Kazi ile ni ya akina mama. Mmoja alikuwa amekaa chini kivulini, udongo ameuweka juu ya kigae, anakizungusha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukivuta ukingo wa chungu juu. Hakutuinulia macho mpaka ukingo ulipokaa sawa. Kisha akanichagulia chungu kilichokwisha kuchomwa, chekundu chenye urembo mweupe, akakigonga kwa kidole kilichokunjwa. Kililia kama kengele ndogo. "Kikilia hivi, nunua. Kikikohoa, acha."

Saa saba upepo wa mwera ukaamka kutoka kusini, maji yakaanza kuota vichwa vyeupe. Mzee akazima injini na kupandisha tanga la turubai lenye viraka viwili. Ghafla kelele zote zikaisha, nikasikia maji yanavyosugua mbao chini ya miguu yangu. Mawimbi yalitusukuma kutoka nyuma, boti inapanda, inateleza, inapanda tena. Mbali kaskazini wingu lilipasuka, Mlima Rungwe ukaonekana wote. Nikawaza kwamba tone linaloanguka kule juu linapita hapa, linavuka ziwa lote hadi kusini, linaingia Mto Shire, kisha Zambezi, ndipo linaona Bahari ya Hindi. Nilikipakata chungu mpaka Matema.

Jumapili nilikuwa jikoni kwa mama. Chungu alikigonga mwenyewe kabla sijamweleza lolote, akatikisa kichwa kukubali, akakiweka karibu na mafiga. Nikampa simu aone picha ya mstari ule. Aliivuta kwa vidole viwili, akaukazia macho upande wa kahawia kwa muda.

"Na samaki wanapita?" akauliza.

Nikamwambia pale walipoachiwa njia, wanapita.