Steki ya Mtwara inaanzia buchani

Napika katika hoteli moja huku Shangani, Mtwara, na najua sahani ipi hurudishwa jikoni. Pweza harudi. Changu wa nazi harudi. Inayorudi ni steki, na ikirudi mhudumu huja na moja kati ya malalamiko mawili: ni ngumu, au ina damu. Nayaandikia yote mawili kwa sababu natamani sana Mtwara tupate mgahawa wa steki hasa, ambao mtu atatoka Masasi kuufuata.

Ng'ombe wetu ni zebu, wale wenye nundu, na wametembea sana kabla ya kufika machinjioni. Zamani kusini walikuwa wachache kwa ajili ya mbung'o. Wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu, miaka ya 2006 na 2007, wengi waliletwa Lindi, mifugo ikaongezeka Kilwa na Liwale. Kwa hiyo nyama ipo. Kinachotuharibia ni haraka. Ng'ombe anachinjwa alfajiri, asubuhi ananing'inia buchani, mchana yuko mezani! Misuli ikishakufa hukakamaa kwanza, kisha vimeng'enya vyake vyenyewe huilegeza polepole, na kazi hiyo inataka baridi na siku kadhaa. Peter Luger, mgahawa wa steki wa Brooklyn, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1887, una chumba chake cha baridi cha kulazia nyama kabla haijakatwa. Sisi chumba hicho hatuna, ila friji tunazo. Nachukua sarara nzima, ile nyama laini ya mgongoni, naifunga kwa mashine ya kutoa hewa, naiweka kwenye friji isiyozidi nyuzi 4, siigusi kwa wiki nzima. Freza haifai, maana nyama ikiganda kazi ile husimama.

Sasa damu. Damu karibu yote ilitoka pale ng'ombe alipochinjwa. Yale maji mekundu kwenye sahani yana mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli. Hili nalieleza kwa upole, kwa kuwa wageni wangu wengi ni Waislamu kama mimi, na wana haki ya kuuliza. Qur'an, katika Al-An'am aya ya 145, imeharamisha damu inayomwagika, na maji haya siyo hiyo. Hata hivyo simlazimishi mtu. Bibi mmoja aliniita mezani akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka iive." Nikamkatia filee nyembamba, ikaiva yote bila kukauka, akaimaliza. Kwa wengine, katikati ikifika nyuzi 63 naitoa kwenye mkaa, naiacha itulie dakika chache ndipo naikata. Ukiikata ikitoka motoni, utamu wote unabaki kwenye ubao.

Chipsi siziweki pembeni. Naweka mihogo ya kuchoma na mchuzi wa korosho zilizosagwa na kitunguu saumu, ndimu na pilipili. Korosho zimejaa mkoa mzima, kwa nini steki ya hapa iogelee kwenye sosi ya chupa?

Wenye mabucha, nina ombi. Mpishi akija msimkatie vipande. Muuzieni sarara nzima, na mafuta yake yakiwa juu, maana zebu hana mengi na hayo machache ndiyo yanayoilinda nyama isikauke kwenye moto. Kaka ninayenunua kwake alikuwa akiyakwangua yote kwa nia njema kabisa, nipate nyama tupu. Siku hizi ananiachia, na ananiuzia kwa bei ile ile ya steki.