Siku moja maishani mwangu: kufunga NAS kwenye maabara ya chuo

Mimi ni fundi wa TEHAMA katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Walimu na wanafunzi wananijua kwa mambo mawili: printa imekwama, intaneti imekata. Leo nataka muione ile kazi yetu nyingine, isiyo na kelele. Nitawapitisha kwenye Jumanne iliyopita.

Saa 11 alfajiri. Kuamka, kuoga, daladala kutoka Mbagala nikiwa nimesimama njia nzima. Saa 1:40 nilikuwa nimeshafungua ofisi.

Saa 2 asubuhi. Mezani kulikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa redio ya mezani. Ni kifaa cha kuhifadhi nakala rudufu, sisi mafundi tunakiita NAS. Ndani yake zinakaa diski 4, nacho kinakaa kwenye mtandao usiku na mchana kikichukua nakala za mafaili ya kompyuta zote za maabara. Nilikidai mwaka mzima. Mwaka jana diski ya kompyuta moja pale maabara ilikufa na picha za darubini za mwanafunzi wa uzamili, kazi ya miezi minane. Mimi ndiye niliyempa habari. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaniuliza mara tatu, "Hakuna kabisa, kaka?" Hakukuwa na kitu. Tangu siku ile sikumpa mkuu wa idara nafasi ya kupumua mpaka kifaa kikanunuliwa.

Nikapachika diski moja baada ya nyingine, nikazipanga kwa mtindo wa RAID 6, ili hata mbili zikifa kwa pamoja data ibaki.

Saa 3 asubuhi. Kwenye mtandao wa chuo kifaa hakiingii hivi hivi. Anwani yake ya MAC, yaani namba yake ya utambulisho, ile yenye herufi na tarakimu 12 iliyobandikwa chini ya kisanduku, lazima iandikishwe kwanza, ndipo kipewe anwani ya IP isiyobadilika, ile namba ambayo kompyuta nyingine zinakipatia mtandaoni. Fomu niliipeleka wiki moja kabla. Nikachomeka kebo, swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao, ikakikataa. Nikapiga simu ofisi inayohusika, kimya. Nikaenda kwa miguu hadi jengo lao, nikasubiri kwenye benchi. Orodha ilipofunguliwa, penye 8 palikuwa pameandikwa B. Herufi moja ilinilia saa moja na nusu.

Saa 5 asubuhi. Akaja afisa ugavi. "Fundi, tumelipia diski 4 za terabaiti 8. Hiyo ni 32. Mbona kwenye skrini naona 14.5?" Swali la haki, kwa sababu yeye ndiye atakayekaa mbele ya wakaguzi. Nikamweleza kwamba kwa RAID 6 nafasi ya diski mbili inatumika kulinda zile nyingine, zinabaki 16. Halafu mtengenezaji anahesabu kwa 1000 na kompyuta inahesabu kwa 1024, ndiyo maana 16 inasomeka 14.5. Hakuridhika. Akarudi na mwenzake, nikaeleza upya. Wakataka maandishi. Nikaandika ukurasa mzima, nikasaini.

Mchana: wali maharage kwa mama lishe, dakika 15. Niliporudi nikazima toleo la kwanza la SMB, njia ambayo kompyuta hugawiana mafaili mtandaoni, lile ambalo programu hasidi ya WannaCry ilipitia Mei 2017 kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Nikaanzisha kunakili, na hapo ndipo siku ilipogeuka.

Kulikuwa na terabaiti 3 za kuhamisha. Kasi ikagota kwenye megabaiti 11 kwa sekunde. Nikapiga hesabu kwenye karatasi: saa 75, siku tatu na ushee, wakati mtandao wetu wa ndani unapaswa kufika 110 na kumaliza kazi hiyo kwa usiku mmoja. Fundi yeyote akiiona hiyo 11 anajua njia inapita kwa megabiti 100 badala ya 1000, maana baiti moja ni biti nane. Swali ni wapi.

Nikabadilisha kebo ya kifaa. 11. Nikahamia poti nyingine ya swichi. 11. Nikajaribu kwa laptopu yangu kwenye tundu lile lile la ukutani, ikasoma 100. Basi tatizo lilikuwa ndani ya ukuta au huko juu kwenye kabati la swichi, na kabati lenyewe liko kwenye kijichumba kisicho na dirisha, feni imekufa. Kebo zimeshonana kama nywele zisizochanwa, lebo zimefutika. Nilizifuata kwa vidole, moja moja, jasho likinidondokea kwenye miwani. Saa sijui ngapi ilipita. Nilisikia tu adhana ya alasiri, na baadaye wanafunzi wakitoka vipindini.

Nikaipata. Kwenye kichwa cha plastiki cha kebo moja, waya wa kahawia ulikuwa umekatwa mfupi, haukugusa shaba. Megabiti 100 zinahitaji jozi mbili tu za nyaya, ya chungwa na ya kijani, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo kebo ilifanya kazi bila mtu kulalamika. Megabiti 1000 zinataka jozi zote nne. Nikakata kichwa, nikachuna ganda, nikanyoosha nyuzi nane kwa kucha: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Nikabana kwa koleo. Nilipotazama skrini ilisoma 112, na nikakaa chini pale pale sakafuni.

Giza lilikuwa limeingia. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu kuwa nakala, kwa hiyo folda ya yule mwanafunzi, aliyeanza utafiti wake upya, nilikuwa nimeitanguliza kwenye foleni. Nikamwita, nikamwambia achague picha yoyote. Nikaivuta kutoka kwenye NAS, nikaifungua kwenye kompyuta nyingine kabisa. Seli za zambarau zikajaa skrini. Akasogea karibu, akaikuza, akahakiki tarehe.

"Ipo," akasema.

Nikamfundisha kuirudisha mwenyewe. Kesho yake nilianza nakala ya tatu kwenye diski ya nje inayolala jengo jingine, kwa sababu moto ukiingia maabara utachukua kompyuta na NAS pamoja.