Siku Watoto Walipomkataa Mwizi

Muda mfupi baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016 na kuunganisha Kigamboni na upande wa pili wa jiji, mchapishaji mmoja wa hapa Dar es Salaam aliniomba nipitie mswada wa hadithi ya upelelezi ya watoto, kisha niusome mbele ya watoto wenyewe kabla haujakabidhiwa kwa mchoraji. Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi huko Temeke. Niliipenda kazi hiyo, kwa sababu mtoto wa darasa la sita hamwonei haya mwandishi asiyemfahamu.

Mswada ulisimulia habari za mwanamume wa Kigamboni aliyefariki na kuacha mjane na watoto wawili. Baada ya arobaini, hati ya nyumba inatoweka kabatini, na baba mdogo, ambaye tangu msiba ndiye anayeshika funguo na kupokea kodi, anawatangazia wapangaji kwamba nyumba itauzwa. Watoto wanaamua kuitafuta hati. Wanasikiliza dirishani, wanafuata nyayo, wanamwandama hadi Magogoni mtu aliyevaa kofia aliyepanda kivuko, na hatimaye inagundulika kwamba mwizi ni mlinzi wa nyumba ya jirani, mtu ambaye msomaji hajakutana naye hata mara moja mpaka sura inayotangulia ya mwisho. Baba mdogo anawanunulia soda, na hadithi inakwisha.

Tuliusoma Jumamosi moja, chini ya mwembe wa shule. Mvulana mmoja aliuliza imekuwaje watoto walioachwa na kivuko wafike mjini kabla ya mtu aliyekipanda, na mwenzake akamjibu kwamba huenda walizunguka darajani kwa bajaji, ila kitabu hakikusema. Kasoro ya namna hiyo hurekebishwa kwa sentensi moja, nami niliiandika pembeni nikaendelea.

Kilichonizuia kuendelea ni swali la msichana mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo: "Mwalimu, mlinzi angeifanyia nini hati ya nyumba ya marehemu?" Nilimwomba aeleze. Akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeyasikia mambo hayo yakizungumzwa nyumbani usiku, kwamba nyumba ya marehemu haiuzwi kwa kuishika hati tu. Ni lazima ukoo ukae, upendekeze msimamizi wa mirathi, naye athibitishwe mahakamani. "Mwenye haja na ile hati ni baba mdogo. Ufunguo si anao yeye?" Wenzake wakaitikia kwa pamoja. Walikuwa wamemjua mwizi tangu sura ya pili, na muda wote huo walikuwa wakingoja kuona kama kitabu kitathubutu kumtaja.

Usiku ule niliusoma mswada upya, nikaona kwamba kisa kilivunjika mahali pale pale ambapo mwandishi alifika kwenye mlango wa familia akarudi nyuma. Dalili zote zilizoelekea kwa baba mdogo zilibaki bila kazi. Mjane, ambaye ndiye aliyeishi na lile kabati miaka yote, hakuulizwa swali lolote na wapelelezi. Alilia katika sura ya kwanza, kisha akapika hadi mwisho. Udhaifu huu si wa waandishi wetu peke yao. Katika kitabu cha kwanza cha Famous Five, mfululizo wa Enid Blyton wa hadithi za watoto wapelelezi, kilichotoka Uingereza mwaka 1942, Quentin ni baba mkali anayeogopwa na bintiye. Watoto wanapoipata dhahabu waliyokuwa wakiitafuta, Quentin anakiri kwamba uhaba wa fedha ndio uliomfanya awe na hasira, na mambo yanaonekana kumalizika. Hata hivyo mfululizo huo ulifikia vitabu 21 hadi mwaka 1963, na hasira yake iliendelea pamoja navyo. Katika The Boxcar Children, kisa alichokitoa Mmarekani Gertrude Chandler Warner mwaka 1924, yatima wanne wanamkimbia babu yao wakiamini kwamba yeye hawapendi. Babu anatokea kuwa mwema na tajiri, na ufa uliokuwa kati yake na wazazi wao unapitwa haraka mno.

Ofisini, mhariri aliniambia kwamba wanunuzi wa vitabu ni wazazi, na hakuna mzazi atakayemnunulia mwanawe kitabu kinachomfundisha kuwashuku ndugu. Baba mdogo ni baba. Hoja hiyo ina uzito, kwani wengi wa wanafunzi wangu walilelewa na baba wadogo hao hao, kwa upendo wa kweli. Nilimjibu kwamba mtoto ambaye nyumba ya marehemu baba yake imeuzwa na ndugu analijua jambo hilo kabla ya kufungua kitabu, na kwamba kumtwisha wizi mlinzi maskini, kwa kuwa hana ukoo wa kumtetea katika hadithi, ni fundisho baya zaidi.

Mwandishi mwenyewe, aliyekuwa amekaa pembeni akiandika, aliomba apelekewe maswali yote ya watoto. Katika rasimu ya pili mlinzi hakuwemo. Baba mdogo alikuwa ameiweka hati rehani kwa mkopeshaji wa mtaani kwa sababu ya deni lililomwelemea, na watoto waliligundua hilo baada ya mama yao kukumbuka siku aliyoazima ufunguo wa kabati. Mama ndiye aliyelisema jambo hilo mbele ya kikao cha ukoo. Tulibishana juu ya neno moja tu: mhariri alitaka baba mdogo asamehewe ukurasa ule ule, nami niliomba msamaha usubiri hadi hati irudi mikononi mwa mjane. Mwandishi aliafikiana nami, akamwacha baba mdogo katika ukurasa wa mwisho akiwa bado analipa deni.