Kampala maji hayachemki kwa 100

Shuleni tunafundishwa kwamba maji huchemka kwa digrii 100 za Selsiasi. Nchini Uganda hakuna mahali ambapo hilo ni kweli. Hata Ziwa Albert, bondeni kabisa, liko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 unazopanda hupunguza karibu digrii moja. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, sufuria hutokota kwa 96. Kabale ni kama 94.

Kwa chai hilo si neno, na maji ya kunywa yaliyotokota vizuri ni salama. Shida huanza na kipimajoto cha mshale cha jikoni. Mtu anakichovya kwenye maji yanayochemka, anaona 96, anadhani ni kibovu, anazungusha nati ya nyuma mpaka mshale uguse 100. Tangu hapo kinadanganya kwa digrii 4. Akipasha maziwa ili yakae 63 kwa dakika 30, mshale utasema 63 huku maziwa yako 59, na vijidudu alivyokusudia kuviua vitabaki.

Tumia barafu. Huyeyuka kwa 0 Kabale, Kampala na Mombasa vilevile. Iponde, ijaze kikombe mpaka juu, kisha mimina maji safi ya kuziba mianya tu. Barafu ikielea, maji yamezidi: yaliyotulia chini yanaweza kufika digrii 4, nawe utakuwa umekosea upande wa pili. Koroga, ingiza ncha katikati bila kugusa kitako wala ukingo, ngoja mshale utulie, ndipo ushike nati. Kwenye uso wa Farenhaiti tafuta 32.

Anders Celsius, ambaye kipimo cha Selsiasi kina jina lake, alilijua hili mwenyewe. Mwaka 1742, huko Uswidi, alieleza kwamba joto la kuchemka hupanda na kushuka kwa kufuata kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ambao hupungua kadiri unavyopanda. (Kwake 0 ndiyo ilikuwa kuchemka na 100 kuganda, kipimo kiligeuzwa baadaye.) Inasikitisha kwamba tumerithi 100 tukaacha onyo lake.

Na maharage yakigoma kuiva, usiongeze mkaa. Maji yakishachemka, moto mkali huyakausha tu, hayapiti 96. Loweka maharage usiku kucha, au tumia sufuria ya presha, ambayo hubana mvuke ndani na kuyapandisha maji kupita 100.