"Sawa." ilitunyamazisha wiki mbili

Yaani neno moja tu jamani. Rafiki yangu wa miaka mingi aliniandikia meseji ndefu inajaza skrini nzima, ananieleza anataka kuacha kazi aanze kitu chake, mi ndo nilikuwa naingia kwenye kikao nikaona nisimwache hivihivi, nikajibu "Sawa." na nukta yake, simu nikaiweka kwenye mkoba. Nilivyotoka nikasahau. Kumbe mwenzangu kalisoma lile neno mara kumi, kaona nimemdharau, akakaa kimya, na mi kumwona kimya nikajua ndo bize na mipango yake. Wiki mbili! Tulikuja kupatana kwa voisi noti, nilimrekodia dakika nne nzima nikimwambia nafurahi kwa ajili yake ila naogopa pia, akanijibu hapohapo sauti inatetemeka, "si ungesema hivi tangu mwanzo".

Tangu siku ile nawaza sana hii habari ya kuongea kwa maandishi. Ukiwa na mtu uso kwa uso "sawa" unaisema kwa tabasamu, au umechoka, au umeudhika, na yeye anajua ni ipi. Kwenye simu zote zinafanana, msomaji anaweka sauti yake mwenyewe, na kama siku hiyo ana wasiwasi basi ataweka ile mbaya kuliko zote.

Na shida hii ni ya zamani kuliko simu zetu. Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao aliituma Ray Tomlinson mwaka 1971, na ilipofika tarehe 19 Septemba 1982 tayari watu walikuwa wameshachoka kutoelewana, maana siku hiyo Scott Fahlman wa chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani aliwaandikia wenzake kwamba mtu akitania aweke :-) ili ijulikane ni utani. Nukta mbili, kistari na mabano, basi, uso umepatikana! Emoji zote tunazotumia leo mi naziona ni watoto wa kale kauso. Ndo maana simwelewi mtu anayesema emoji ni mambo ya kitoto, zinafanya kazi ambayo nyusi na midomo yetu inafanya tukikutana.

Meseji za kawaida nazo zilikuja na lugha yake. Herufi 160 tu kwa meseji moja na kila moja inalipiwa, watu tukaanza kubana, cjui, xaxa, 2taonana, na hata leo nafasi ipo tele bado wengi tunaandika hivyo, mi nikiona "xaxa" najua kabisa naongea na mtu wa rika langu.

Kwa upande wangu voisi noti ndo imetuokoa. WhatsApp waliileta 2013, na najua wapo wanaozichukia, ndefu, huwezi kusikiliza mbele za watu, kutafuta kitu ndani yake ni kazi. Kweli kabisa. Ila unasikia mtu anavyosita kabla ya kusema jambo zito, unasikia alivyovuta pumzi. Siku hizi unaweza kumsikiliza mtu kwa kasi mara mbili, kwa maelekezo sawa, ila mtu akinisimulia msiba wake siwezi kumkimbiza.

Kinachoniumiza zaidi ni tiki za bluu. Zilikuja Novemba 2014, na kuanzia hapo kunyamaza nako kukawa meseji, kasoma halafu kakausha, anamaanisha nini? Unaweza kuzizima, ila ukizima na wewe huoni za wenzako. Mi nimezima. Nataka mtu asome jambo langu akae nalo, ajibu akiwa tayari.

Halafu kuna wale wa kwenye magrupu ambao hawaandiki kabisa. Shangazi yangu yupo kwenye grupu letu la familia na sijawahi kuona kaandika sentensi, kila asubuhi anatuma stika moja ya maua, imeisha. Kwa muda mrefu nilikuwa naipita tu bila kuiangalia. Kuna siku haikuja, ikafika saa nne, saa sita, watu wakaanza kuulizana kwenye grupu kuna mtu kaongea na shangazi, kila mtu anapiga simu haipatikani, na hapo ndo nikajua wote tulikuwa tunayasubiri yale maua kila siku. Simu yake ilikuwa imeharibika chaji. Kesho yake maua yakarudi, na kwa mara ya kwanza nikamrekodia voisi, shikamoo shangazi, umeamkaje.